Kwa Nini Ng'ombe Wako Anatafuna Mifupa?

Je, umewahi kumwona ng'ombe akitafuna mfupa? Huacha majani na kwenda mahali alipofia mnyama mwingine. Huokota mfupa, akautafuna muda mrefu huku mate yakimtoka. Ukimnyang'anya huo, atatafuta mwingine. Akikosa mfupa hutafuna mti mkavu, kipande cha ngozi, au hata jiwe.

Wafugaji wengi wameliona jambo hili. Wengine hucheka na kuendelea na safari. Wengine husema ng'ombe huyo amelogwa, au ni mkorofi tu. Lakini ng'ombe huyo hachezi, wala hajalogwa. Ana njaa. Njaa yake si ya majani, maana anaweza kuwa amesimama kwenye majani mpaka magotini. Ana njaa ya madini.

Madini hayo huitwa fosforasi. Yamo katika udongo, yamo katika majani, na yamo kwa wingi katika mifupa na meno. Twiga naye hutafuna mifupa porini kwa sababu hiyo hiyo. Hana mtu wa kumpelekea chumvi. Ng'ombe wako anaye mtu, ndiye wewe.

MFUPA NI GHALA

Watu wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu tu cha kumsimamisha mnyama, kama nguzo ya nyumba. Sivyo. Mfupa wa mnyama aliye hai ni kama ghala. Mwili huweka humo fosforasi na madini ya chokaa wakati wa neema. Wakati wa shida, mwili huchota humo. Katika kila sehemu 10 za fosforasi iliyomo mwilini mwa ng'ombe, karibu 8 zimewekwa katika mifupa na meno.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hivi. Kwa siku moja anaweza kula kilo 6 za majani, tukipima majani makavu. Ikiwa ardhi yenu ni maskini na majani yamekomaa, kila kilo moja ya majani hayo ina gramu 1 tu ya fosforasi, au pungufu. Basi kwa siku nzima ng'ombe huyo anapata gramu 6.

Sasa tuangalie anachotoa. Kila lita moja ya maziwa hutoka na fosforasi kiasi cha gramu 1. Akitoa lita 5, zile za kwako pamoja na zile za ndama, zimetoka gramu 5. Katika zile gramu 6 alizokula, tumbo halikuchukua zote. Nyingine zimetoka na mavi. Na mwili wake wenyewe bado unadai sehemu yake.

Unaona, hesabu haitoshi. Ng'ombe anachota ghalani. Kesho anachota tena, na keshokutwa. Wewe unakamua maziwa kila asubuhi na kudhani yote yanatoka kwenye majani. Sehemu yake inatoka kwenye mifupa yake.

Ghala likikaribia kuwa tupu, dalili huonekana. Ng'ombe hula kidogo kuliko kawaida, hata kama majani yapo. Hukonda. Manyoya hukosa kung'aa. Hutembea kwa shida kama mzee mwenye maumivu ya viungo. Maziwa hupungua. Ndama wake hudumaa. Mfupa wake unaweza kuvunjika kwa jambo dogo tu.

Na kuna dalili moja ambayo wafugaji hawaihesabu, ingawa ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Ng'ombe akishazaa, hukaa muda mrefu sana bila kutaka dume. Badala ya kuzaa kila mwaka, huzaa mara moja kwa miaka miwili, pengine zaidi. Mwenye ng'ombe humlaumu dume. Hununua dume jingine, na bado ndama hawaji.

Si kila ng'ombe aliyepungukiwa fosforasi hutafuna mifupa. Na kukonda kuna sababu nyingi: minyoo, ndigana, nagana, au njaa ya kawaida. Lakini ukiona ng'ombe wawili watatu katika zizi moja wanatafuta mifupa, usitilie shaka sana. Ardhi yenu imepungukiwa.

SUMU ILIYOMO KATIKA MFUPA

Huenda utasema, "Kama mfupa una fosforasi, basi mwache autafune, ajitibu mwenyewe." Fikra hiyo ina mantiki, lakini imeua ng'ombe wengi.

Huko Afrika Kusini, karibu na mji wa Vryburg, wafugaji walipata hasara kubwa kwa miaka mingi. Ng'ombe wao walilegea miguu, wakalala chini na kufa. Wakulima wa huko waliuita ugonjwa huo lamsiekte, yaani ugonjwa wa kupooza. Walidhani unatokana na majani yenye sumu. Daktari wa mifugo aitwaye Arnold Theiler, mzaliwa wa Uswisi, aliuchunguza kwenye shamba moja liitwalo Armoedsvlakte. Kufikia mwaka 1920 yeye na wenzake walikuwa wameipata njia ya ugonjwa huo.

Ng'ombe wa sehemu hiyo walikuwa na njaa ya fosforasi, kwa sababu udongo ulikuwa nayo kidogo mno. Kwa hiyo walitafuna mifupa ya wanyama waliokufa malishoni. Katika mizoga iliyooza huzaliwa vijidudu vyenye sumu kali sana. Sumu hiyo hubaki katika vipande vya nyama na ngozi vilivyoshikamana na mfupa. Ng'ombe huimeza pamoja na mfupa. Akifa, mzoga wake nao huoza, na mifupa yake huwangoja wenzake.

Theiler aliwapa ng'ombe unga wa mifupa uliosafishwa. Hamu yao ya mifupa iliyooza ilipungua. Pia waliongezeka uzito kuliko wenzao wasiopewa. Yaani dawa ya ule ugonjwa wa kupooza ilikuwa chakula.

Ugonjwa huo leo huitwa botulizimu, na haukubaki Afrika Kusini peke yake. Ng'ombe mwenye sumu hiyo huanza kuyumba kwa miguu ya nyuma. Kisha hulala na kushindwa kuinuka. Ulimi hulegea, ukiuvuta haurudi kwa nguvu. Hawezi kumeza, hivyo mate humtiririka. Wengi hufa baada ya siku chache, na wengine hata kabla ya hapo. Ukingoja mpaka alale chini, huna la kufanya. Iko chanjo, na mtaalamu wa mifugo wa kata yako anaweza kukueleza kama inapatikana.

Hapa simama kidogo, maana kuna hatari kwako wewe mwenyewe. Ng'ombe anayetokwa na mate na kushindwa kumeza anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa. Watu wengi hudhani amekwamwa na kitu kooni, wakamtia mkono kinywani. Usifanye hivyo hata kidogo. Mwite mtaalamu.

Naye akifa, usile nyama yake. Usimchune wala kumpasua, kwa sababu anaweza kuwa amekufa kwa kimeta. Mchome moto mpaka awe majivu, au mzike katika shimo lenye kina cha mita 2, mbali na kisima. Ni kazi ngumu kuchimba shimo la kumtosha ng'ombe. Waite majirani wakusaidie. Ng'ombe wao ndio watakaokuja kutafuna mifupa hiyo usipoifukia.

MAGADI, CHOKAA NA MBOLEA

"Lakini mimi huwapa ng'ombe wangu magadi." Jibu hili husikika sana, hasa kwa wafugaji wa Bonde la Ufa wanaopata magadi ya ziwa Natron na ziwa Magadi. Ni vizuri kwamba unawakumbuka. Hata hivyo magadi na chumvi ya kawaida ni chakula cha njaa nyingine. Ng'ombe anayelamba mkojo wa wenzake, au anayelamba jasho kwenye mkono wako na kwenye mpini wa jembe, anataka chumvi. Mpe chumvi. Anayetafuna mfupa anataka fosforasi, na katika magadi fosforasi hakuna ya kumtosha.

Tena magadi mengine yana floridi nyingi. Floridi ndiyo inayoyatia rangi ya kahawia meno ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro, wanaokunywa maji yenye madini hayo. Ikizidi huharibu na mifupa. Ng'ombe mwenye meno mabovu hawezi kutafuna majani vizuri, na wewe unajua mwisho wake.

Chokaa nayo haisaidii. Ni kweli mfupa una chokaa, lakini majani mengi tayari yana chokaa ya kutosha. Ukiongeza chokaa peke yake kwa ng'ombe aliyepungukiwa fosforasi, unaweza kumzidishia shida.

Na mbolea je? Mbolea nyingi zina fosforasi, na wako watu waliojaribiwa kuitia katika hori. Usijaribu. Fosfeti ya Minjingu, kwa mfano, huchimbwa karibu na ziwa Manyara nchini Tanzania. Ni mbolea nzuri kwa mahindi yako, lakini mawe yake yana floridi nyingi. Mbolea nyingine zina vitu vinavyoweza kumuua ng'ombe siku hiyo hiyo. Mpe mahindi mbolea. Ng'ombe mpe chakula chake.

Sasa tuje dukani. Katika maduka ya dawa za mifugo utaona mifuko ya chumvi ya unga, na mawe ya kulamba. Mengi ya mawe hayo yana rangi nyekundu, na muuzaji atakwambia ni ya nguvu. Rangi hiyo si fosforasi. Wewe sasa unajua kusoma, basi tumia elimu yako hapo hapo mbele ya muuzaji. Geuza mfuko. Tafuta neno fosforasi, au herufi P ikiwa imesimama peke yake. Kando yake kuna namba. Namba hiyo inakwambia ni gramu ngapi za fosforasi zimo katika kila gramu 100 za unga huo. Ukiona 1 au pungufu, umeshika chumvi tu, hata kama bei yake ni ya madini. Ukikosa namba yoyote, uliza kwa nini haikuandikwa.

Mfuko mwingine utakuwa na sifa nyingi za madini mengine, kama magnesiamu. Usiyadharau, lakini uliza kama ndiyo shida yenu. Katika nchi za baridi kama Uingereza, ng'ombe wa maziwa wakitolewa ghafla kwenye majani machanga sana hupungukiwa magnesiamu, wakaanguka na kufa. Huko pia wenye farasi humpa farasi mwenye hofu magnesiamu ili atulie, ingawa farasi anayekula majani mazuri ya kutosha kwa kawaida tayari anayo. Na hapa kwetu, mjini Nakuru nchini Kenya, jina la mji lenyewe lilitiwa katika jina la ugonjwa. Ng'ombe wa sehemu hiyo walikonda katikati ya majani mengi, na ugonjwa ukaitwa Nakuruitis. Waliokosa huko ni madini ya kobalti, ambayo ng'ombe huyahitaji kidogo sana, chini hata ya ncha ya kisu kwa siku. Kila ardhi ina upungufu wake. Ndiyo maana inafaa kumuuliza mtaalamu wa mifugo anayeijua ardhi yenu kabla ya kutoa fedha.

JINSI YA KUCHANGANYA

Kitu kinachofaa zaidi siku hizi huitwa dikalsiamu fosfeti. Kwenye mfuko huandikwa kwa herufi tatu, DCP. Ni unga wenye rangi nyeupe au ya kijivu. Hakikisha ni ule wa kulishia mifugo. Katika kila gramu 100 za unga huo kuna gramu 18 hivi za fosforasi.

Ng'ombe hapendi kuula peke yake, kwa hiyo changanya na chumvi. Pima kilo 1 ya DCP na kilo 1 ya chumvi ya kawaida. Koroga mpaka usiweze kutofautisha kimoja na kingine. Chumvi itamvuta ng'ombe aje, na chumvi hiyo hiyo itamzuia asizidishe. Akishatosheka na chumvi ataondoka.

Ng'ombe mmoja mkubwa akilamba gramu 60 za mchanganyiko huo kwa siku, amepata gramu 30 za DCP. Humo mna fosforasi zaidi kidogo ya gramu 5. Unakumbuka zile gramu 5 zilizotoka na lita 5 za maziwa? Ndizo unazomrudishia. Kwa mwezi mmoja gramu 60 kila siku ni gramu 1,800, yaani chini ya kilo 2. Nusu ni DCP na nusu ni chumvi. Ukiwa na ng'ombe 10, zidisha mara 10 uone utahitaji kilo ngapi. Kisha nenda kaulize bei, ulinganishe na thamani ya ndama mmoja.

Mchanganyiko uweke katika hori la mbao, au gogo lililochongwa, au tairi kuukuu lililopasuliwa. Liwe chini ya paa, hata la nyasi, maana mvua ikinyesha juu yake chumvi huyeyuka na kila kitu huganda kama saruji. Liwe karibu na maji. Ng'ombe waliokaa muda mrefu bila chumvi watalivamia hori siku ya kwanza, na chumvi nyingi bila maji ya kunywa inaweza kuwaua. Kwa hiyo wiki ya kwanza toa kidogo kidogo kila siku. Wanyonge nao wapate nafasi, maana ng'ombe wenye nguvu hupenda kulizuia hori kwa pembe. Mahori mawili yaliyo mbalimbali huondoa ugomvi.

Zamani wataalamu waliwafundisha wanavijiji kuchoma mifupa wenyewe. Mifupa ilichomwa katika moto mkali mpaka ikawa meupe kabisa na kuvunjika kwa vidole, kisha ikatwangwa na kuchanganywa na chumvi. Njia hiyo ina fosforasi ya kweli, na haina gharama. Lakini hatari yake ni katika kuokota. Hujui mnyama huyo alikufa kwa nini, na kimeta hukaa ardhini miaka mingi. Mfupa ulioungua nusu, ulio mweusi katikati, bado si salama. Zaidi ya hayo, tangu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipogunduliwa Uingereza mwaka 1986, nchi nyingi zimekataza kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa. Muulize mtaalamu wenu sheria inasemaje kabla hujawasha moto. Mimi kwa maoni yangu, kama DCP inapatikana, nunua DCP, hata kama ni wafugaji watano mmechanga kununua mfuko mmoja.

WAKATI WA KUTOA

Wafugaji wengi hukumbuka chumvi wakati wa kiangazi, kwa sababu ndipo ng'ombe wanapokonda. Kwa fosforasi, huo si wakati wake mzuri. Ng'ombe wa kiangazi amekosa majani yenyewe. Haongezeki, maziwa yake ni kidogo, na fosforasi haiwezi kushika nafasi ya majani. Utatumia fedha usione kitu.

Wakati wake ni masika. Majani ni mengi, ng'ombe wanakua, wanakamuliwa, wengine wana mimba. Hapo ndipo mwili unapodai fosforasi nyingi, na hapo ndipo ghala linapoweza kujazwa. Hasa wape ng'ombe waliotoka kuzaa, wenye mimba kubwa, na mitamba inayokua. Dume mzee anayekaa tu anaweza kungoja.

Usitazamie mabadiliko kesho asubuhi. Kwanza utaona hamu ya mifupa inapungua. Kula kutaongezeka. Manyoya yatabadilika taratibu. Jambo la kushika mimba huchukua miezi, kwa kuwa lazima mifupa ilipwe deni lake kwanza.

Nunua daftari dogo. Andika jina la kila ng'ombe jike, na tarehe aliyozaa. Andika tarehe uliyoweka mchanganyiko horini kwa mara ya kwanza. Andika tarehe kila mmoja alipotaka dume, na tarehe alipozaa tena. Mtaalamu wa mifugo akija, mwonyeshe daftari hilo kabla hajaingia zizini.